Pembe za Skanoda

Nisameheni mapema, wajukuu zangu. Kisa hiki nakiharibu kila majira ya theluji, na mwaka huu nimejiandaa kukiharibu vizuri zaidi. Sogeeni motoni.

Zama hizo, babu wa babu yangu hajaota hata jino, mataifa yetu matano ya Irokwoi, huku Amerika ya Kaskazini, yalikuwa vitani. Mohoki anampiga Oneida, Oneida anampiga Onondaga, Onondaga anampiga Kayuga, Kayuga anampiga Seneka, na Seneka, kwa kukosa wa kumpiga, anarudi njia nzima kumtafuta Mohoki!

Wakachoka. Wakataka kuishi kama ndugu wa nyumba moja ndefu. Wakachimba shimo chini ya msonobari, wakarundika mashoka kando yake, tayari kuyazika. Lakini sheria ilikuwa hivi: machifu wote wakubali, wote, kabla jua halijazama. Wasipokubaliana, kila mtu na shoka lake, vita viendelee.

Machifu arobaini na tisa wakakubali. Akabaki Skanoda wa Seneka, pembe za kulungu kichwani, ndiyo alama ya uchifu.

“Kabla sijakubali,” akasema, “nina neno dogo.”

Dogo! Akaanza na babu yake. Jua likafika utosini, naye akafika kwa mbwa wa babu yake.

Sasa, kwetu chifu huchaguliwa na akina mama, na hao hao humvua. Yewenta, mama wa ukoo aliyemvika zile pembe, akamvuta joho.

“Mwanangu, fupisha. Onyo la kwanza.”

“Naam, mama. Basi mbwa huyo…”

Jua likainama.

“Mwanangu, la pili. Wenzako wanayatazama mashoka.”

“Namalizia, mama! Mbwa huyo alikuwa na mkia…”

Jua likagusa miti. Vijana wakanyoosha mikono kwenye mashoka. Yewenta akasimama.

“La tatu.”

Akazing'oa pembe, akamvika Honowe, mpwa wa Skanoda, baba wa watoto wanne, mtu asiyependa maneno.

“Unasemaje?”

“Nakubali.”

Basi! Mashoka shimoni, kwaa, kwaa, kwaa!

Skanoda akapapasa kichwa kitupu. Honowe akamshika mkono. “Twende tukale, mjomba. Utanimalizia habari ya mbwa.”

Sikieni, wanangu: uchifu ni wa kuazimwa, na wenye nao ni mama zenu. Kisa nimekizika na mashoka. Atakayekifukua, afukue kwa amani.

Ee? Mkia? Aa, mkia ule ulikuwa… Ngojeni, bibi yenu ananivuta shuka. Hili onyo la ngapi? La tatu?

Kosa langu. Nani kachukua kofia yangu?