Digidigi na Ngiri Asiyetaka Kuambiwa Hapana

— Ngano hiyooo, yabisha hodi!

— Ifungulieni, iingie!

— Yataka mkeka.

— Mkeka huu hapa, ikae!

Alikuwapo Digidigi, binti wa juzi tu, shungi lake la utosini ndiyo kwanza linachomoza. Alikuwa na shamba la viazi vitamu alilolilima kwa kwato zake mwenyewe, na akipita njiani hupita kichwa juu.

Basi akatokea Ngiri. Kifua hiki! Meno haya! Akamwambia, "Digidigi, umependeza." Moyo wa Digidigi ukadunda: du! du! du!

Kesho yake Ngiri akarudi. "Kama unanipenda, nipe viazi." Akapewa. Kacha-kacha-kacha, akala.

Akarudi tena. "Kama unanipenda, nipe na mbegu." Akapewa. Kacha-kacha-kacha, akala.

Akarudi tena. "Kama unanipenda, usicheze na rafiki yako Kanga. Na mama yako asijue. Anayependa hasemi hapana."

Siku hiyo moyo haukudunda. Digidigi akaliangalia shamba, jeupe. Akamtafuta rafiki, hana. Akalia, kisha akaenda kumweleza mama yake yote.

Mama hakufoka. "Moyo kudunda si ugonjwa, mwanangu. Umri wako ndio huo, hata mimi ulinidunda. Lakini ukimwambia hapana, huwa anafanyaje?"

Digidigi hakuwahi kujaribu.

"Basi kajaribu. Ila usiende peke yako."

Asubuhi Digidigi na mama yake wakamkuta Ngiri kisimani, wanyama wote wapo.

"Ngiri, eti anayependa hasemi hapana?"

"Hasemi kabisa!"

"Nawe wanipenda?"

"Sana! Na wote wasikie!"

"Kama unanipenda, nilimie shamba."

Wote wakamtazama. Angesemaje? Akalima: kwa! kwa! kwa! Ulimi nje.

"Kama unanipenda, litie maji."

Akachota: chubwi! chubwi! chubwi! Jasho linamtiririka.

"Kama unanipenda, mbebe Kanga mgongoni, umtembeze."

Akambeba, Kanga anacheka kekekeke!

"Kama unanipenda, ng'oa hayo meno yako mawili, niyapambe mlangoni kwetu."

"HAPANA!" Ngiri akanguruma, vumbi likaruka.

Kisha Kanga, angali mgongoni, akasema, "Loo! Kumbe neno lenyewe linasemeka!"

Wanyama wakaangua kicheko. Digidigi hakucheka. Akasimamisha shungi, akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakujua kuwa anayo, "Umelisema vizuri, Ngiri. Na langu ndilo hili: hapana. Viazi hupati, Kanga simwachi, na mama yangu ameshajua."

Akaondoka na rafiki yake. Alijionea fahari, wala hakuificha. Mama yake nyuma, naye amejaa fahari hadi machozi.

Ngiri akaingia shimoni kinyumenyume, macho nje, asije akaombwa kitu kingine. Mpaka leo huingia hivyo hivyo.

Basi funzo, enyi vijana: msiseme hapana kamwe! Ngojeni kwanza shamba lilimwe, litiwe maji, na rafiki yenu atembezwe mgongoni.

Ngano yangu imeshiba, nami nanyamaza. Anayebisha akamuulize Ngiri. Akikataa kujibu, mwacheni, kukataa ameshajifunza.