Jiwe Lililolishwa Mafuta

Hapo zamani, kabla kiberiti hakijajulikana mlimani, kulikuwa na kijiji chenye moto mmoja. Nimesema mmoja, wewe unayenong'ona huko nyuma, basi nyamaza usikie. Kijiji kiliitwa Kwamtanda, kilikuwa juu kabisa kwenye baridi, na moto wake ulikaa katika nyumba moja tu. Kila asubuhi wanawake walikuja na vigae, wakapewa makaa, wakaenda kupika makwao. Jioni waliyazima. Kwa nini wayazime? Kwa sababu kijiji kile kiliwahi kuungua chote, nyasi na mbuzi na vyote, na wakubwa wakaapa kwamba moto hautalala tena pasipo na mtu wa kuulinda.

Nyumba ile iliitwa nyumba ya moto, na aliyekaa humo alikuwa mtunza moto. Hakulima, kijiji kilimlimia. Wakati huo mtunza alikuwa Nakijwa, mwanamke mjane asiye na mtoto, aliyekaa humo pamoja na mama yake mzazi. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua. Nyumba nyingine zote alizowahi kukaa zilimkohoza mpaka akazirai. Humu, penye kuta nene na joto lisilokatika, alikohoa kidogo, akavuta kiko chake, akawasengenya majirani, akalala. Nakijwa hakuwa na pengine pa kumpeleka, na alilijua hilo kila alipofungua macho.

Sasa Nakijwa alikuwa na tabia moja. Alikuwa anauliza. Kwa nini moshi unapanda badala ya kushuka? Kwa nini kuni mbichi inalia? Mama yake alikuwa akimwambia, "Mwanangu, wewe ungezaliwa kuku ungeuliza yai lako linapelekwa wapi, na wangekuchinja mapema."

Basi siku moja alfajiri, kabla mwanamke yeyote hajaja na kigae chake, ikanyesha mvua ya mawe. Si mvua ya kuchezea! Ilitoboa migomba, ilibomoa vibanda, na mwishowe paa la nyumba ya moto likabonyea katikati, likaanguka juu ya jiko na maji yote yaliyobeba. Nakijwa alimvuta mama yake pembeni, kisha akarudi kufukua makaa kwa mikono. Alifukua tope. Moto wa Kwamtanda ulikuwa umekufa.

Mtasema, si wangeomba kwa jirani? Haya, mngekuwa nyinyi mngeomba, na mngejuta. Milima ile ilikuwa na sheria yake: anayekupa moto ni mkubwa wako. Ukiwashiwa na watu wa ng'ambo, utawapelekea malimbuko kila mavuno, na wao ndio watakaokuambia lini upande na lini uoe. Kwamtanda hawakutaka kutawaliwa kwa ajili ya kaa.

Lakini walikuwa na jiwe. Jiwe la moto, lililoachwa na wahenga, ambalo lilisemekana ndilo lililouzaa moto wa kwanza. Lilihifadhiwa katika mfuko wa ngozi kwa mfumwa, ndivyo walivyomwita mkuu wao, na kila mwezi mpya ulipoandama walilipaka mafuta ya kondoo. Waliita kulilisha. Baba alililisha, babu alililisha, na jiwe likanenepa utukufu. Ila hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuligonga, maana moto ulikuwa haujawahi kufa.

Mfumwa, jina lake Kivaria, akaita watu wote uwanjani. Alikuwa mtu wa haki, lakini mwepesi wa kutamka.

"Atakayeurudisha moto," akasema, "nyumba ya moto ni yake, na paa tutaliezeka sote. Nakijwa, ukiurudisha wewe, utakaa. Akiurudisha mwingine, utampisha, wewe na mama yako."

"Baba mfumwa," Nakijwa akasema, "paa ndilo lililoanguka. Niliomba nyasi za kuezekea tangu kiangazi, hakuna aliyeniletea."

"Nimesikia, mwanangu. Ila nimeshasema."

Akarudi nyuma, akamfunika mama yake ngozi.

Wanaume wakalitoa jiwe. Lilikuwa jeusi, la mviringo, laini, linang'aa kwa mafuta. Wakachukua chuma cha jembe, wakagonga. Ko! Hakuna kitu. Wakagonga tena. Ko! Jiwe likamponyoka mmoja likamwangukia kidole cha mguu, akaruka-ruka uwanja mzima.

"Limekasirika," mmoja akasema.

"Lina njaa," akasema mwingine.

Basi wakafanya nini? Wakalipaka mafuta zaidi! Wallahi sidanganyi. Wakagonga, likateleza. Wakapaka, wakagonga, likateleza. Nakijwa akasimama pale akitazama, na lile swali lake likaanza kumwasha kama upupu. Kwa nini halitoi? Kuna nini ndani yake?

Akaondoka taratibu akaenda kijitoni. Akaokota jiwe jeupe la kumetameta, akaokota jekundu, akaokota la kijivu, akaokota lile laini ambalo watu hulichonga kuwa vichwa vya viko. Akayatia kwenye kanga, akaenda kwa Senkoro.

Senkoro alikuwa mhunzi, mtu mzima wa maneno machache. Alikuwa ameketi mbele ya kiwanda chake kilichopoa, mikono magotini, kama mtu aliyefiwa.

"Shikamoo, mjomba. Nipe chuma."

"Marahaba. Chuma gani? Mimi bila moto ni mtu wa kukaa tu."

"Chochote. Nataka kujua kitu."

Akampa jembe bovu. Nakijwa akaligonga kwa jiwe la kijivu, hakuna. Kwa jekundu, hakuna. Kwa jeupe, hakuna. Senkoro akamtazama weee, mwisho akacheka kidogo puani.

"Hicho ni chuma laini, binti. Chuma cha jembe kinajikunja, hakigombani na mtu. Unataka chuma kilichochovywa majini kikiwa chekundu. Chuma kikali."

Akainuka. Kisha akaingia ndani, akatoka na kisu. Kilikuwa cha baba yake na cha babu yake, ndicho walichoshika wahunzi wa ukoo wao walipoapa. Akakitazama, akampa.

Nakijwa akakwangua jiwe laini kwa mgongo wa kisu. Likatoa unga tu. La kijivu likaacha mstari. Jekundu likatoa cheche moja, ikafa. Jeupe likatoa mbili tatu!

"Umeona, mjomba?"

"Nimeona."

"Ngoja nirudie uone." Akagonga tena, hakuna. Akageuza jiwe, akagonga, hakuna. Akageuza tena, cheche! Akakaa kitako. Akaligeuza lile jiwe mkononi, akalipapasa kwa kidole, na kidole kikachanika. Pale palipomkata ndipo palipotoa cheche. Pale palipokuwa laini hapakutoa kitu.

"Ni kona!" akapiga kelele. "Jiwe linataka kona kali! Na jiwe letu tumelishika na kulipaka mafuta mpaka halina hata kona moja!"

Wakarudi uwanjani mbio. Nakijwa akaeleza, akionyesha kidole chake kinachovuja damu. Watu wakamsikiliza, halafu mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo unataka tulifanye nini jiwe la wahenga?"

Hapo Nakijwa akanywea. Alijua la kufanya. Lilikuwa mdomoni. Lakini kulivunja jiwe la wahenga! Waliambiwa tangu utotoni kwamba atakayelitia ufa, ufa utaingia nyumbani mwake. Akasema, "Tujaribu na hili jeupe kwanza." Wakajaribu, likatoa cheche chache, likaanza kumeguka-meguka. Labda lingetosha. Labda lisingetosha. Mpaka leo hakuna ajuaye, kwa sababu Nambua hakungoja.

Nambua alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mwanamke mwenye hasira za karibu. Kibanda chake kilikuwa kimebomolewa na mvua ile, na mgongoni alikuwa na mtoto mchanga ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi kwa baridi. Akapenya katikati ya wanaume, akalinyakua jiwe la moto.

"Nambua, usithubutu!"

"Ufa uje kwangu," akasema. "Sina hata ukuta wa kutia ufa."

Akalipiga juu ya mwamba. Paa! Jiwe likapasuka vipande. Watu wakafunika nyuso. Mfumwa akakaa chini. Lakini ndani, jamani, ndani jiwe lile lilikuwa jeusi la kung'aa, na kila kipande kilikuwa kikali kuliko wembe.

Nakijwa akaokota kipande kimoja. Mama yake, aliyefunikwa ngozi pembeni, akavua kibuyu cha tumbaku shingoni na kutoa kitambaa chake cha kuwashia kiko, kikavu, kilichoungua nusu. "Chukueni," akasema, "na mimi sidai nyumba, nimo ndani yake tayari."

Nakijwa akatandika jani la mgomba, akaweka kitambaa juu, akashika kipande cha jiwe, akapiga kwa mgongo wa kisu. Cheche zikamwagika! Watu wakasema aah. Akapiga tena na tena. Cheche moja ikatua kwenye kitambaa, ikakaa, ikawa doa jekundu, doa likatanuka. Akaongeza pigo la mwisho kwa furaha, na kisu cha Senkoro kikakatika vipande viwili. Hakuna aliyejali, isipokuwa Senkoro. Wakapuliza, wakaweka nyasi kavu, moto ukasimama. Mtoto wa Nambua akasogezwa, akachangamka, akalia kwa nguvu, na mama yake akalia naye.

Wengine walikuwa wakicheza ngoma. Nakijwa alikuwa bado amepiga magoti, anachungulia lile jani. Mnamjua. Juu ya jani kulikuwa na chembe nyeusi, ndogo, ngumu. Akazisugua kwa vidole. Si jiwe. Akatazama kipande cha jiwe: kizima. Akatazama mgongo wa kisu kilichovunjika: umeliwa, una mapengo kama ufizi wa mzee. Cheche zile zilikuwa chuma. Moto ulikuwa haukutoka jiweni hata kidogo, jiwe lilikuwa linakwangua tu. Furaha ikampanda ya kujua kitu ambacho hakuna mwingine anakijua. Kisha akaelewa maana yake, na furaha ikamshuka.

Wakakusanyika mbele ya mfumwa.

"Nyumba ni yangu," akasema Nambua. "Nakijwa alijua, lakini kujua kwake kulikaa mdomoni. Mimi nimelivunja. Wahenga wakikasirika watamkasirikia nani? Nyinyi? Kama laana ni yangu, na moto ni wangu. Na mtoto huyu hana paa."

"Nyumba ni yangu," akasema Nakijwa. "Mimi ndiye niliyetafuta. Nyinyi mlikuwa mnalipaka mafuta. Bila mimi Nambua angevunja nini, na kwa nini? Na mkono uliowasha ni huu."

Senkoro hakudai. Alikuwa ameshika vipande viwili vya kisu. Mfumwa akamuuliza, "Na wewe, mhunzi?"

"Mimi nimetoa chuma," akasema. "Moto ni wa jiwe. Kila mtu anajua hivyo. Sina la kusema."

Mfumwa akashusha pumzi, akamgeukia Nakijwa. "Wewe umetazama kuliko sisi wote. Tuambie, moto umetoka wapi?"

Nakijwa akatazama jani mkononi mwake. Angelikunja, angelitupa motoni, basi. Nani angejua? Akamtazama mama yake, aliyekuwa ameanza kukohoa tena kwa ile baridi ya uwanjani. Lakini jamani, mtu aliyeuliza maisha yake yote anaulizwa swali moja analolijua, atalimezaje?

"Umetoka kisuni," akasema.

Akainua jani. Akawaonyesha chembe. Akawaonyesha mapengo. Akawaonyesha jiwe zima. Wakapokezana lile jani kwa woga, mmoja mmoja, mpaka likamfikia Senkoro. Akazitazama chembe za kisu cha baba yake muda mrefu. Machozi yakamtoka.

"Kumbe kimeungua," akasema. "Kumbe ndicho kilichoungua. Basi nami nadai. Jiwe lipo, vipande tele. Mkono upo. Kisu cha baba yangu hakipo tena, ndicho hicho mnachoota."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wengine wakasema Senkoro, kwa kuwa moto ni chuma chake. Wengine wakasema hapana, bila kona kisu kingezeeka kwenye ala, ni Nambua aliyejitia hatarini. Wengine wakasema, na huyu aliyejua yote, akasema ukweli unaomfukuza nyumbani kwake, aende zake? Mara hii mfumwa hakuwa mwepesi wa kutamka.

Mama yake Nakijwa akakohoa mpaka akatulia. Akainua kichwa akauliza, "Baba mfumwa, nauliza tu. Nifunge vitu vyangu au nisifunge?"

Mfumwa akawageukia watu, watu wakaangalia chini. Nami nawageukia nyinyi, na msiangalie chini. Nyumba ni moja, mlango ni mmoja. Je, nani alistahili? Na mama huyu tumjibu nini?