Sheikh Aliyeilinda Hoja ya Hasimu Wake

Wapokezi wametupokelea, nami nakupeni bila kuongeza chumvi (ingawa mnanijua), kwamba katika mji mmoja wa Andalusi aliishi mja mwema, Sheikh Khalaf bin Tammam, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mjini humo alikuwako pia mwanafalsafa, Mundhir bin Wahban. Mundhir akisema dawa ina nguvu yake ya kuponya. Sheikh akisema la, anayeponya ni Mungu, dawa ni pazia tu. Wakajadiliana hivyo mpaka Mundhir akafa.

Sheikh akatunga kitabu cha kumjibu. Na wajadili wa zama hizo hawakuwa kama nyie wa barazani, mnaompigia mtu kelele hajamaliza hata sentensi. Walikuwa na adabu yao: huandiki jibu mpaka kwanza uandike hoja ya mwenzako kamili, tena kwa namna ambayo mwenyewe akiisoma atasema, "Naam, ndivyo." Kwa hiyo nusu ya kitabu cha Sheikh ilikuwa ni Mundhir mtupu.

Kisha Amiri akaambiwa kwamba Mundhir alimtoa Mungu katika uponyaji. Akaamuru vitabu vyake vichomwe, na atakayekutwa na maneno yake akatwe mkono. Vikachomwa vyote. Maneno ya marehemu yakabaki ndani ya kitabu cha hasimu wake.

Siku moja baada ya alasiri, hajibu wa Amiri, yaani msimamizi wa mlango wake, mtu aitwaye Lubb, aliingia kwa Sheikh na askari wawili waliobeba jiko la makaa. Sheikh alikuwa amenyoosha mguu, akifungwa goti na tabibu wake Shaltieli, Myahudi. Na mkobani mwa tabibu huyo, chini ya vitambaa, mlikuwa na karatasi alizonakilia maneno ya Mundhir kutoka kitabuni. Sheikh ndiye aliyemruhusu, na alimpa ahadi kwamba hatamtaja.

"Sheikh wangu," akasema hajibu, "Amiri anakipenda kitabu chako. Toa ya Mundhir, bakisha yako. La sivyo chote kinakwenda motoni, sasa hivi."

"Nikitoa yake, yangu yatakuwa yanamjibu nani? Ukuta?"

"Wasomaji hawatajua."

"Mimi nitajua."

Hajibu akawaashiria askari. Kazi ya umri mzima ikachanwa, ikaingia jikoni ukurasa kwa ukurasa, na mwenyewe anatazama.

Kisha hajibu akainama karibu na Sheikh. "Limebaki moja. Nimeagizwa nikuapishe. Maneno ya Mundhir yapo kwingine katika mji huu? Sema hayapo, niende zangu. Wallahi sitaki hata kujua."

Mikono ya tabibu ikasimama pale gotini.

Hapa nyie mngeapa. Msinitazame hivyo, mngeapa, na mimi ningewatangulia.

Sheikh akasema, "Yapo."

"Yako wapi?"

"Hiyo ni amana, na amana haitolewi kwa vitisho. Umeniuliza kama yapo, nimekujibu. Zaidi ya hapo fanya utakalo."

"Mzee, nimekufungulia mlango kabisa. Ungesema tu hayapo."

"Miaka yote nawaambia watu Mundhir amekosea, mkweli ni mimi. Nikiapa uongo leo, si nimempa ushindi huko huko kaburini?"

Tabibu akafungua mdomo. Sheikh akamwahi: "Wewe funga goti. Hujaulizwa."

Hajibu akamtazama tabibu, akautazama na ule mkoba, akakawia. Askari mmoja akasogea. Hajibu akamzuia kwa mkono.

"Tabibu," akauliza polepole, "goti hili litahimili safari?"

"Litahimili, akienda taratibu."

"Basi aondoke mjini kabla ya magharibi, asirudi tena. Na wewe msindikize, usije ukaniambia kafia njiani."

Wakatoka wote wawili, na mkoba haukufunguliwa. Walipofika mbali, tabibu akakaa juu ya jiwe, akalia.

"Sheikh, majibu yako sikuyanakili. Nilijiambia wewe uko hai, yako tutayapata tu. Humu mna Mundhir peke yake."

Sheikh akaketi kando yake. Kisha akasema, "Nisomee."

"'Dawa huponya kwa nguvu iliyomo ndani yake...'"

"Simama. Hapo umeruka. Yeye alisema: kwa nguvu aliyoiweka Mungu ndani yake, naye Mungu ndiye anayeishikilia kwa kila pumzi."

"Niliandika kwa hofu na haraka. Lakini Sheikh, tukiirudisha hiyo, hoja yake inazidi kuwa ngumu kuijibu."

"Najua. Ilininyima usingizi mimi. Andika."

Wakasema wapokezi kwamba tabibu aliyatia maneno yale katika Kiebrania, na baadaye mtawa wa Kikristo akayatia katika Kilatini. Marabi na watawa waliokuwa tayari kumtupa Mundhir walifika kwenye sentensi ile, wakaketi kumsikiliza. Wakabishana naye vizazi na vizazi, kila watu katika dini yao. Jina la Sheikh Khalaf hawakulijua.

Basi enyi wenzangu tunaopenda kushinda: ukimfunga mtu mdomo kisha ukatangaza umemshinda, hapo umemshinda nani? Mwenyezi Mungu atujaalie kumsema hasimu kama alivyojisema mwenyewe, japokuwa hatutatajwa.