Kanga, Ngawa na Asali ya Mzinga

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa wanyama na baraza lao, na sisi na masikio yetu.

Hapo kale palikuwa na Kanga, ndege mwenye madoa, na vifaranga wake. Siku moja kitinda mimba wake, Kitone, hakurudi kutoka malishoni. Akamwita asubuhi, kimya. Akamwita mchana, kimya. Akamwita jua likizama, kimya.

Wanyama wakamkamata Ngawa, yule anayefanana na paka, midomo ikimnata asali ya mzinga wa kijiji.

"Aliyelamba asali ndiye aliyemla Kitone!" wakasema.

Mfalme Nyati akaita baraza. "Nani alimwona Ngawa akimla Kitone?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akauliza mara ya tatu. Hata vyura walinyamaza.

"Basi, kwa Kitone, Ngawa hana hatia. Na asali je?"

"Asali nililamba, Mfalme. Nisamehe."

Kila mmoja aliijua adhabu ya asali: kufagia njia ya kisimani mpaka mwezi uandame. Lakini Nyati akasema, "Toka msitu huu, usirudi maisha."

"Mfalme wangu! Kwa asali tu?"

"Kwa asali. Ila Kitone bado amenikaa moyoni."

Wanyama wakashangilia. Kanga hakushangilia. Alisogea mbele.

"Mfalme, nina neno."

"Sema, mama Kitone."

"Umesema hana hatia kwa mwanangu. Sasa unamfukuza kwa ajili ya mwanangu, ukisingizia asali. Akishaondoka mtasema yamekwisha, na hakuna atakayemtafuta tena Kitone. Msinifichie mtoto ndani ya mzinga."

"Kwani wewe humshuku?"

"Namshuku, Mfalme. Silali kwa kumshuku. Lakini mimi sikuona kitu, na wewe hukuona."

Nyati akainamisha pembe. "Kweli, mama. Ngawa, kachukue ufagio."

Ngawa akafagia mpaka mwezi ukaandama. Alipomaliza akaenda kwa Kanga, akasimama mbali asiwatishe vifaranga.

"Mama, pua yangu inanusa mbali. Ukiniruhusu, nitamtafuta."

Kanga akamtazama sana. Bado alimwogopa. "Tangulia," akasema, "nami nakuja nyuma."

Wakaenda, huyu akinusa majani, huyu akipekua vichaka. Hawakumpata siku ile. Kesho yake, Kanga alipotoka kiotani, alimkuta Ngawa amesimama palepale mbali, anamngoja.

Basi, wanangu, kosa ulilokwisha kumwondolea mwenzako, usimrudishie ndani ya adhabu ya kosa jingine.

Nami nimekomea hapo, mate yamenikauka. Aliyekula kiazi changu nikisimulia namjua, midomo yake ina majivu. Atakatwa kiazi chake kesho, basi. Habari ya kijiko kilichopotea juzi simuulizi.