Bibi Aliyejibu "Bado"

Wapendwa, mimi nimezunguka nchi nyingi, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji ya kunywa tu. Lakini kuna kineno chao kimoja nakipenda, "yet". Kule kwenye theluji mwenyeji wangu aliniuliza kama najua kuteleza kwenye barafu. Nikamjibu, "Not yet!" Yaani, bado. Akakitazama kitambi changu, akacheka mpaka akashika ukuta. Hakujua kwamba kwetu ndivyo tunavyojibu.

Basi, kulikuwa na karani mmoja aliyetumwa kuandikisha watu wazima wa darasa la kusoma na kuandika. Viti vilikuwa ishirini tu. Akamkuta bibi mmoja anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi. Unajua kusoma?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado."

"Una miaka mingapi?"

"Sabini na moja. Niandike kiti cha mbele, macho yangu hayafiki mbali."

Karani akatabasamu, akaandika neno moja, akafunga daftari. Bibi akamshika mkono.

"Hapo umeandika nini?"

"Nimeandika 'hapana', bibi yangu, viti ni vichache, tuwaachie vijana. Kwa umri huu si upumzike tu?"

"Mimi nimesema hapana?"

"Si ni yale yale?"

Bibi akauweka ungo chini. Mnadhani alilia? Mnadhani alimfukuza? Alimtazama juu mpaka chini, kama anayechagua kitenge.

"Na wewe, mjukuu wangu, umeshaoa?"

"Bado, bibi."

"Haya, funua hilo daftari ujiandikie hapana."

"Aa, bibi! Usiniombee hayo! Nina mchumba, mambo yanakwenda, ni..."

Akafungua daftari, akakata ile "hapana", akaandika: bado, kiti cha mbele. Bibi akapiga kigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani kuna posa.

Mnacheka? Tujicheke sisi. Tukiulizwa habari zetu, majibu yetu ni bado: bado sijasamehe, bado hasira inanisumbua, Mungu anaendelea kunitengeneza. Lakini jirani mlevi je? Hapana. Shemeji aliyekukosea? Hapana, na muhuri juu yake! Nani alitupatia kalamu hiyo? Mungu hajafunga daftari la mtu yeyote humu ndani, wala la wale tuliokwisha kuwakata majina.

Kila mmoja wetu anaye mtu aliyemwandikia hapana. Mfuate leo. Mimi wa kwangu namjua, na nyumba yake iko njiani. Mkiona nimechelewa chakula cha mchana, mwambieni mke wangu niko huko nabisha hodi.