Vifuniko vya Uvumbani

Hapo zamani, kabla watu hawajajifunza kudanganyana kwa karatasi, palikuwa na mji uitwao Uvumbani, na mji huo ulitawaliwa na Sultani Mahfudhi bin Hatimu. Desturi ya Uvumbani ilikuwa hii: kila baada ya miaka saba, siku ya Ijumaa, kila jiko la mji lilituma mtu mmoja kwenye ua wa Sultani, naye akatumbukiza mkono ndani ya mtungi mkubwa na kuacha humo kitu kimoja. Aliyemtaka Sultani aliacha kokwa ya tende. Asiyemtaka aliacha kokoto. Kokoto zikizidi, kiti kilikwenda kwa binamu yake. Na majiko yaliyokuja yasipofika nusu, kiti kilikwenda vilevile, kwa kuwa waliotunga desturi hiyo walikuwa watu wasiopenda uvivu.

Sultani Mahfudhi alikirithi kiti kwa baba yake, na huo ndio ulikuwa mtungi wake wa kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mwema pia. Alikuwa mtu aliyekaa ndani. Mambo yote alimwachia Waziri Ghalibu, na Waziri huyo alikuwa fundi wa kazi moja tu, nayo ni kumfurahisha bwana wake. Wiki moja kabla ya siku ya mtungi, akampandisha Sultani juu ya punda mweupe na kumzungusha mitaa mitano kwa siku moja, apate kuona mwenyewe anavyopendwa. Na kweli, kila mtaa walioingia walikuta watu mia mbili na bendera zao, wanaruka, wanaimba, wanamwombea Sultani maisha marefu. Mtaa wa kwanza Sultani alilia kwa furaha. Mtaa wa pili akalia tena.

Asilolijua ni kwamba watu wale walikuwa wale wale. Sultani akipita njia kuu polepole, wao walikimbia vichochoroni na bendera zao kwapani, wakawahi mtaa unaofuata, wakapewa sahani ya pilau kila mmoja, wakafuta midomo na kuanza upya. Miongoni mwao alikuwamo maskini mmoja aitwaye Vuai, asiye na mke wala shamba, ambaye mji mzima ulimhesabu kuwa punguani kwa sababu alisema kila kitu kama kilivyo. Vuai alifuata pilau. Sina haja ya kumsingizia jingine.

Basi walipofika mtaa wa tano, Vuai alikuwa amekwisha kula sahani nne, na ya tano iko kooni. Wenzake wakaruka, yeye akakaa chini, mikono juu ya tumbo. Sultani akamwona, akasimamisha punda, akamwuliza mbona yeye peke yake hashangilii.

"Radhi yako, bwana wangu," akasema Vuai. "Nimekushangilia tangu asubuhi, kila mtaa kwa sahani ya pilau. Sauti yangu imebaki mtaa wa tatu."

Waziri akadakia kwamba huyu ni Vuai, mwendawazimu, tena wa kujulikana. Lakini Vuai, kwa upole kabisa, akamwonyesha Sultani jamaa mmoja mrefu mwenye kanzu ya kijani iliyochanika kwapani, akamwomba akumbuke alimwona wapi. Sultani akatazama. Akalikumbuka lile kwapa. Alikuwa amelipungia mkono mara nne.

Sasa wakubwa wana tabia hii, nami siipendi: wakiaibika mbele za watu, hawamkasirikii aliyewadanganya, humkasirikia aliyewaambia. Sultani akaona haya, haya ikageuka ghadhabu, akamwamuru Vuai asogee.

"Ewe Vuai, unadai watu wangu wananipenda kwa pilau tu. Haya, walete wewe. Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, nataka kila jiko la mji huu liwe uani kwangu. Usipige ngoma, usipike chakula, usitumie askari, usitoe hata pesa moja. Likikosekana jiko moja, shingo yako ni yangu."

"Kila jiko, bwana wangu?"

"Kila jiko."

Vuai akasema amesikia na ametii, akanyanyuka kwa taabu, akaenda zake. Waziri akacheka mpaka akashika ukuta, maana majiko ya Uvumbani yalikuwa mia sita na kumi na mawili, na hata mtoza ushuru hakuwahi kuyafikia yote.

Kesho yake Vuai akaanza kazi. Nyumba ya kwanza akasimama mlangoni, akatangaza kwa sauti ile ya kushangilia kwamba Sultani anawataka wote Ijumaa. Mlango ukafungwa. Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo. Nyumba ya tatu akamwagiwa maji ya kuoshea samaki, wala mwenye nyumba hakuomba radhi. Vuai akaketi pembeni, akajikamua nguo, akawaza. Akaona anawaambia watu anachokitaka Sultani, jambo ambalo hakuna aliyemwuliza, na ilhali yeye maisha yake yote ujuzi wake ni kuomba. Basi akairudia kazi anayoijua.

Nyumba ya nne akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa, asiseme neno. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mwanaesha, msukaji wa mikeka, naye akamweleza habari za kisima cha mtaa kilichoingia chumvi, mwaka wa tatu sasa, na hakuna aliyekuja kutazama. Vuai akasikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mbali. Ndipo akaomba amwazime kifuniko cha chungu, kuanzia Alhamisi jioni hadi Ijumaa asubuhi.

"Kifuniko? Na wali wangu wa Ijumaa niupalie makaa juu ya nini?"

"Utakifuata kwa Sultani kabla hujabandika chungu. Atakurudishia kwa mkono wake, na habari ya kisima utampa wewe mwenyewe."

"Sultani hanijui mimi."

"Naam," akasema Vuai. "Wala wewe humjui yeye. Kifuniko kitawajulisha."

Kila apikaye anajua uzito wa ombi hilo. Wali bila makaa juu hauivi ukatamanika, na makaa hayaelei hewani. Lakini Bi Mwanaesha alikuwa hajasikilizwa mpaka mwisho tangu aolewe, basi akakubali. Kisha, kwa kuwa hakutaka kuwa mjinga peke yake, akatoka kuwashawishi majirani.

Hapo Vuai akaipata njia. Kila penye nyumba kumi akamtafuta mtu mmoja mwenye mdomo na miguu, anayejulikana na wenzake, akamwachia zile nyumba tisa. Wengi walikuwa wanawake; mmoja alikuwa kinyozi, mwingine mzee wa kutabana ambaye kila mgonjwa alimwamini. Jioni akawapitia kuuliza nani amekubali, nani amekataa, na amekataa kwa nini. Kisha akaenda kwa waliokataa, akakaa nao. Hakuwabembeleza, aliwauliza tu habari za nyumbani. Wiki nzima hakuonja pilau, akakonda kidogo, na watu wakaanza kumsalimu kwa jina.

Alhamisi jioni vifuniko vikamiminika uani, vya udongo na vya shaba, kila kimoja na alama ya nyumba kwa mkaa. Waziri akatoka kutazama, akasema mtu aliagizwa watu, ameleta vyombo. Vuai akajibu kwamba Bwana alisema majiko, naye ameanza kuyaleta. Sultani alisikia yote dirishani.

Ijumaa jua likapanda, na uani hamna mtu. Mkata shingo akaja na upanga wake, akatafuta kivuli. Vuai akaketi kando ya vifuniko, na nasema kweli, aliogopa. Kisha lango likasukumwa, akaingia Bi Mwanaesha kwa hasira za mtu aliyeacha mchele umelowekwa. Nyuma yake wakaja majirani zake tisa. Nyuma ya hao kinyozi na nyumba zake tisa. Ikawa ua umejaa, barabara imejaa, na hakuna hata mmoja aliyeimba. Walitaka vifuniko vyao.

Sultani akashuka, akawa hana budi kukaa kwenye kiti, maana kila mmoja alidai ameahidiwa mkono wake. Akatoa kifuniko cha kwanza. Bi Mwanaesha hakukipokea. Alisema kisima kwanza. Basi ikawa hivyo kwa wote: kwa kila kifuniko neno moja. Mjukuu aliyefungwa kwa kosa la jirani. Ushuru wa mbuzi aliyekufa. Mbwa wa liwali. Mwanzo Sultani alijibu kwamba litatazamwa. Kufikia kifuniko cha hamsini akamwita karani aandike. Kufikia cha mia mbili akavua joho. Na kila aliyepata chake alipita kwenye mtungi, akatumbukiza mkono, akaharakisha nyumbani, au akabaki kutazama kama nyumbani kuna mtu wa kupika.

Adhuhuri ikakaribia. Waziri Ghalibu, ambaye alikuwa akihesabu tangu asubuhi kwa moyo mmoja, akatangaza kwamba vifuniko vilivyotoka ni mia sita na kumi na kimoja. Jiko moja halipo. Mkata shingo akainuka, akajikung'uta vumbi.

Sultani akasononeka, maana asubuhi ile alikuwa ameanza kumpenda Vuai, na kauli ya mtawala ilikuwa imetoka mbele ya mji mzima. Akamwuliza ni jiko gani lililokosekana.

"Jiko lako, bwana wangu. Nilipiga hodi mlango wa nyuma siku tatu mfululizo. Milango mia sita na kumi na mmoja ilinifungukia. Huo mmoja ulikuwa na askari, wakanipiga kwa mipini ya mikuki. Ikiwa shingo ni lazima, haya, ndiyo hii. Lakini adhana bado."

Waziri akanong'ona kwamba atatumwa mtumishi. Sultani akakataa, akaenda mwenyewe, akapotea mara mbili ndani ya nyumba yake, maana hakuwahi kufika jikoni.

Humo jikoni alimkuta Bi Mwatima, mpishi wa jumba, amempa mgongo. Akamwambia anahitaji kifuniko cha chungu. Bi Mwatima, bila kugeuka, akamwambia wali uko motoni na kifuniko hakitoki.

"Mimi ndiye Sultani."

"Na mimi ndiye mpishi. Wali uko motoni."

Sultani akafungua kinywa atoe amri. Kisha akakumbuka ya asubuhi yote, akakifunga. Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaketi kwa uangalifu, akanyamaza. Kule nje shingo ya mtu ilikuwa ikingoja.

"Miaka kumi na tisa nawapikia," akasema Bi Mwatima hatimaye, "wewe na marehemu baba yako. Kutoka huko mnakokula limenifikia neno moja tu, kwamba chumvi imezidi."

"Haikuzidi," akasema Sultani. "Nilikuwa na wageni. Nilitaka nionekane mtu wa kuchagua. Niwie radhi."

Bi Mwatima akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. Akapangua makaa, akatoa kifuniko, akafunika chungu kwa sinia. Akasema kifuniko hakiendi bila yeye, ila mtu abaki kupepea moto. Akaitwa Waziri. Ghalibu akaachwa pale na kipepeo mkononi, na kilemba chake cha hariri, na moshi.

Sultani akatokea uani amebeba kifuniko, masizi mpaka kiwikoni, na Bi Mwatima nyuma yake. Watu wakacheka, na Sultani naye akacheka, kwa kuwa alijiona. Karani akaandika mia sita na kumi na mbili, mwadhini akainua sauti, na mkata shingo akachukua upanga wake na kifuniko cha mkewe, akawahi nyumbani.

Bi Mwatima ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye mtungi. Kabla ya kutumbukiza mkono aliuinua juu, wote waone alichoshika. Ilikuwa kokoto.

"Bi Mwatima," akasema Sultani, "si nimekuja mwenyewe, na radhi nimekuomba?"

"Uliniomba nije, nimekuja," akasema Bi Mwatima. "Hukuniomba nikupende. Paa la jiko linavuja tangu enzi za baba yako." Akaiacha kokoto yake mtungini, akarudi kuokoa wali, ambao Waziri alikwisha kuuunguza.

Mtungi ukamwagwa mbele za watu. Kokwa zilikuwa mia tatu na ishirini na tisa, kokoto mia mbili na themanini na tatu, na Sultani Mahfudhi akabaki na kiti chake. Vuai akapewa nyumba yenye jiko. Akapewa na uwaziri pia, akaukataa, akasema yeye hawezi kukaa mahali ambapo watu wote wanakubaliana naye.

Watu walipokwisha kutawanyika, Sultani akabaki amechutama mbele ya lile fungu la kokoto. Akaliangalia muda mrefu, akaona uchungu, kwani nusu ya siku alikuwa amekwisha kudhani anapendwa tena. Akamwuliza Vuai atawapataje hawa, na aanzie wapi.

"Jikoni, bwana wangu. Ni karibu, na njia sasa unaijua."

Mimi nilipoondoka Uvumbani, siku ya Jumamosi, nilimwacha Sultani juu ya paa la jiko, makuti mkononi, na Bi Mwatima chini akimwambia ameyapanga kinyume, ayatoe yote aanze tena.