Pimbi Ameza Hasira, Nyani Aomba Kuonja

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Jabali!

Na juu ya jabali?

Kikapu!

Na juu ya kikapu?

Pimbi, amekikalia!

Basi sogeeni, naye asiinuke kabla sijamaliza.

Hapo kale Pimbi aliishi juu ya jabali na watoto wake. Alikuwa mdogo, mnene, mwenye miguu mifupi, na mkia hana. Hata wa kuazima hana. Jambo hilo lilimuuma. Ukitaka kumwona Pimbi akiwaka moto, mtajie mkia.

Nyani alilijua hilo. Nyani, jirani yake wa bondeni, alikuwa na nguvu nyingi, tumbo lisilojaa, na mkia mrefu aliouzungusha kama kamba. Msimu ule Pimbi alikuwa ameweka vikapu vitatu vya mbegu za kunde, anangoja mvua apande. Nyani akaja chini ya jabali, akaimba:

"Pimbi, Pimbi, mkia u wapi?
Mikia ikigawiwa, ulilala wapi?"

Pimbi akaruka, puu! Akateremka mbio, tifu tifu tifu, amkamate amng'ate. Nyani akazunguka upande wa pili, akapanda, akakifikia kikapu. Kwacha kwacha kwacha! Pimbi aliporudi akihema, kikapu kitupu, na Nyani yuko bondeni anapangusa mdomo.

Siku nyingine Nyani akaja tena, na wimbo uleule. Pimbi akaruka, puu! Akateremka, tifu tifu tifu. Kwacha kwacha kwacha! Kikapu cha pili nacho kwisha.

Kikabaki kimoja. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Kikapu kile kikiliwa, hakuna cha kupanda. Na pasipo cha kupanda, watoto watakula nini? Mawe?

Pimbi akaenda kwa shoga yake Kobe, akalia mpaka akachoka.

"Shoga," Kobe akasema, "Nyani hagusi kunde zako mpaka wewe uinuke. Basi usiinuke."

"Kwako rahisi, una gamba! Matusi hayakuingii."

"Ndani ya gamba nimo mimi, shoga. Yananiingia vizuri tu. Ila nitamkimbiza nani kwa miguu hii?"

Pimbi akacheka kidogo huku analia. "Mimi hasira zikinipanda hufika hapa," akasema, akajishika koo.

"Kooni?"

"Kooni."

"Chakula kikifika hapo, wewe hufanya nini?"

"Nakimeza."

"Haya," Kobe akasema, akarudi kula majani yake.

Kesho yake asubuhi Pimbi akakalia kikapu. Nyani akaja, akaimba:

"Pimbi, Pimbi, mkia u wapi?
Mikia ikigawiwa, ulilala wapi?"

Hasira zikaja. Zikapita tumboni, zikapita kifuani, zikafika kooni. Pimbi akafumba macho, akameza. Gudu! Hazikuwa tamu. Ilikuwa kama kumeza kaa la moto. Machozi yakamtoka, lakini makalio yakabaki pale pale kikapuni.

"Leo siinuki," akajiambia.

"Na mama yako hakuwa nao! Na bibi yako hakuwa nao! Ukoo mzima mmekatika kama mihogo!"

Gudu! "Leo siinuki."

Nyani aliimba mpaka sauti ikamkauka. Akanyamaza, akatazama juu. Akaliona koo la Pimbi linapanda na kushuka, linapanda na kushuka. Mate yakamjaa mdomoni.

"We Pimbi! Unakula nini huko?"

Pimbi alikuwa karibu kusema, sili kitu. Lakini akalisikia tumbo la Nyani linanguruma, akabadili neno.

"Nameza hasira, Bwana Nyani."

"Hasira? Ni tamu?"

"Tangu alfajiri sijaonja kingine, na njaa sina."

"Na unameza peke yako! Mchoyo wewe, nigawie!"

"Hasira hazigawiki. Kila mmoja humeza zake. Njoo kesho nikupikie zako."

Nyani akaondoka akijilamba.

Hapo Pimbi akagundua jambo. Zile hasira alizomeza hazikulala tumboni. Zilimwingia mikononi. Akajitwika kikapu, akaenda kwenye mkuyu, akagema utomvu, akauweka chunguni juu ya moto. Akakoroga. "Mkia u wapi?" Koroga! "Ulilala wapi?" Koroga! Akakoroga mpaka ukawa ulimbo, ule wa kunasia ndege. Akaupaka wote kwenye jiwe bapa lililokuwa mbele ya mlango wake.

Kesho yake Nyani akafika mapema.

"Hodi!"

"Karibu, Bwana Nyani. Karibu kiti."

"Mbona kinang'aa?"

"Nimekipaka mafuta, kwa heshima yako."

Nyani akaketi. "Mbona kinanata?"

"Heshima hunata."

"Haya, pakua basi!"

"Lakini kuna sharti," Pimbi akasema, naye amekalia kikapu chake. "Hasira humezwa mtu akiwa ameketi. Ukitulia usiinuke mpaka nimalize kupakua, kunde hizi zote ni zako."

Kobe, aliyekuwa pembeni, akaingiza kichwa ndani ya gamba kwa hofu. Kikapu cha mwisho!

"Hilo tu?" Nyani akacheka. "Mimi? Pakua!"

Sasa jueni, siku zile Nyani alikuwa na manyoya mazuri huko nyuma, mazito kama blanketi. Pimbi akasafisha koo, akaimba:

"Nyani, Nyani, manyoya yako wapi?
Makalio wazi hivyo, umeyanyolea wapi?"

Nyani akashtuka. Akameza. Gud... akapaliwa. "Kho! Kho! Chungu!"

"Ya kwanza ni chungu kwa kila mtu. Meza tu."

Akaimba tena, na watoto wake wakaitikia wakipiga makofi: "Umeyanyolea wapi! Umeyanyolea wapi!" Macho ya Nyani yakaiva. Maskini, tangu azaliwe hakuwahi kumeza kitu kisicho cha wizi.

"Waongo nyinyi! Manyoya ninayo! Hebu tazameni!"

Akaruka ageuke awaonyeshe.

Prrrraaaa!

Nyani akaenda juu. Manyoya yakabaki kitini.

"Mmeona?" Nyani akauliza, amewapa mgongo.

"Tumeona," Kobe akajibu. "Tumeona vizuri sana."

Nyani akateremka bondeni kwa kishindo. Kila aliyekutana naye alimuuliza, "Ninayo, sinayo?" na kila mmoja alitazama pembeni. Akageuka ajitazame mwenyewe, makalio nayo yakageuka. Akazunguka, yakazunguka. Mpaka leo anazunguka. Ndiyo maana watu husema nyani haoni kundule.

Mvua ikanyesha, shaa! Pimbi akainuka kwenye kikapu kwa hiari yake, akapanda kunde zake zote, na watoto wakala wakashiba. Mkia bado hana. Na akiusikia ule wimbo kutoka bondeni, hasira bado humpanda mpaka kooni. Humeza, kisha huchukua jembe.

Hadithi yangu imefika kwao, imenawa miguu, imelala. Aliyeipenda asiiamshe, aliyeichukia ameze.

Na fundisho lake ni hili: kutukana ni vibaya, wanangu. Usimtukane jirani yako hata siku moja.

Labda awe ameshaketi.